Sufuria Moja, Watoto Maelfu: Kuongoza Shule Fedha Zinapopungua

Akina mama tunaijua kazi ya kugawa fedha kidogo kwa mahitaji mengi. Mwezi haujaisha, unga umekwisha, mtoto mmoja anadai daftari na mwingine anaumwa. Sasa mpendwa msomaji, hebu fikiri kwamba watoto hao si wanne bali ni elfu thelathini, na kila unachokipunguza unakieleza hadharani, wazazi wakiwa wamekaa mbele yako wanasubiri kuuliza. Hiyo ndiyo kazi ya mkurugenzi wa wilaya ya shule huko Marekani.

Katika makala haya tutatazama jimbo la California. Yaliyotokea huko yameandikwa katika hukumu za mahakama na taarifa za ukaguzi, na yana mafunzo kwa kila mzazi mwenye mtoto shuleni.

WILAYA YA SHULE NI NINI?

Marekani ina wilaya za shule zipatazo 13,000. Kwa kawaida kila wilaya ina bodi inayochaguliwa kwa kura na wananchi wa hapo, na bodi hiyo humwajiri mkurugenzi. Huko California zipo wilaya za shule za msingi peke yake, zipo za sekondari peke yake, na zipo zinazounganisha zote. Wilaya ya sekondari hupokea watoto kutoka wilaya kadhaa za msingi zilizo jirani.

Zamani shule zilitegemea sana kodi ya ardhi na majengo ya mahali hapo. Mtoto wa mtaa wa matajiri alipata shule nzuri, na wa mtaa wa maskini alipata kilichobaki. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya California, katika kesi ya Serrano, ililaani utaratibu huo. Kisha tarehe 6 Juni 1978 wapiga kura walipitisha sheria iitwayo Proposition 13, iliyoweka kodi hiyo isizidi asilimia 1 ya thamani ya nyumba, na thamani yenyewe isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Wenye nyumba walipata nafuu, lakini shule zilipoteza fungu kubwa. Tangu hapo mfuko wa jimbo ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo, nao unategemea mno kodi ya mapato, ambayo hupanda na kushuka kama biashara yenyewe.

Jambo jingine ni kwamba jimbo hulipa kwa kuhesabu watoto waliohudhuria. Mtoto asipofika, hata kama ni mgonjwa, fedha ya siku hiyo haiji. Lakini mwalimu yupo darasani, taa zinawaka, na basi la shule limekwisha choma mafuta.

RICHMOND, MWAKA 1991

Tarehe 17 Aprili 1991, wilaya ya shule ya Richmond, karibu na San Francisco, ilitangaza kwamba fedha zimekwisha. Shule zote zingefungwa tarehe 1 Mei, wiki 6 kabla ya mwaka wa masomo kumalizika. Watoto zaidi ya 31,000 wangebaki nyumbani. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, waliokuwa wakijiandaa kwa vyuo, hawakujua kama wangemaliza masomo yao.

Wilaya ilikuwa imeanzisha programu nyingi mpya, lakini fedha za kuziendesha mwaka hadi mwaka hazikuwapo. Yalikuwa ni kama kununua makochi mapya wakati deni la duka halijalipwa.

Wazazi walikwenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: watu wazima wakishindwa kutunza hesabu, kwa nini mtoto anyimwe wiki 6 za masomo ambazo wenzake wa wilaya jirani wanazipata? Jaji alikubaliana nao na kuamuru jimbo lihakikishe shule zinabaki wazi. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya California ilithibitisha kwamba jimbo lina wajibu wa kulinda haki ya mtoto ya kupata elimu sawa na wenzake, hata kama wilaya yake imefilisika. Watoto walimaliza mwaka wao. Hata hivyo wilaya ilibakia na deni kwa jimbo, na ililimaliza mwaka 2012. Waliokuwa darasa la kwanza wakati wa tukio lile walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Kutokana na msiba huo, mwaka 1991 ilipitishwa sheria mpya. Kila wilaya hutakiwa kutoa taarifa ya hesabu mara mbili katikati ya mwaka, na kueleza kama itaweza kulipa madeni yake mwaka huo na miaka 2 inayofuata. Taarifa hupewa moja ya alama tatu: nzuri, yenye mashaka, au mbaya. Ofisi ya elimu ya kaunti huzipitia hesabu hizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sheria hii ilitungwa ili ufa uonekane mapema.

SWEETWATER, MWAKA 2018

Je, sheria peke yake inatosha? Wilaya ya sekondari ya Sweetwater, karibu na mpaka wa Mexico, inatupa jibu. Wilaya hiyo ina makumi ya maelfu ya wanafunzi, kuanzia darasa la 7 hadi la 12. Mwezi Septemba 2018 iligundulika kwamba bajeti yake ilikuwa na pengo la karibu dola milioni 30.

Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Aprili, wilaya ilikuwa imewauzia wawekezaji hati za mkopo za dola milioni 28. Mwaka 2021 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji iliishtaki wilaya kwa kuwapa wawekezaji picha isiyo ya kweli. Makadirio yalionyesha kwamba mwaka ungeisha na salio la dola milioni 19.5, wakati ambapo mwelekeo halisi ulikuwa upungufu wa dola milioni 7.2. Wilaya ilimaliza shauri hilo kwa makubaliano, bila kukiri wala kukanusha kosa.

Karatasi ilisema kuna akiba, na mishahara iliyokuwa ikilipwa ilisema hakuna. Sisi wauguzi tunajua hatari ya namna hiyo. Ukijaza chati ya mgonjwa bila kumpima joto, chati itapendeza na mgonjwa atazidiwa.

KIONGOZI MWENYE BUSARA HUFANYA NINI?

Kwanza, huhesabu watoto. Mkurugenzi wa sekondari ana bahati moja: wanafunzi atakaowapokea miaka 3 ijayo wapo tayari katika shule za msingi za jirani. Idadi ya watoto katika shule za umma za California imekuwa ikipungua, na katika mwaka wa masomo wa 2021/22 ilishuka chini ya milioni 6. Kiongozi anayesubiri mpaka madarasa yabaki matupu amechelewa.

Pili, hatumii fedha za mara moja kwa gharama za kila mwaka. Wakati wa ugonjwa wa korona, katika miaka ya 2020 na 2021, bunge la Marekani lilitoa karibu dola bilioni 190 kwa ajili ya shule. Fungu la mwisho lilitakiwa liwe limepangiwa matumizi ifikapo tarehe 30 Septemba 2024. Aliyenunua vitabu au kukarabati madirisha yapitishe hewa alibaki na kitu mkononi. Aliyeajiri watu wa kudumu kwa fedha hizo alijikuta hana cha kuwalipa.

Tatu, husema ukweli mapema. Sheria ya California inataka mwalimu anayeweza kupunguzwa kazi apewe taarifa ifikapo tarehe 15 Machi, na uamuzi wa mwisho kabla ya tarehe 15 Mei. Barua hizo huumiza sana, hasa kwa kuwa wengine huzipokea kisha hurudishwa kazini. Kiongozi mwenye utu hukutana na walimu kabla ya barua kuwafikia, akiwa na hesabu wazi mkononi.

Nne, huanza kupunguza mbali na mtoto: ofisi kuu, safari, mikataba ya washauri. Lakini tusidanganyane. Sehemu kubwa mno ya bajeti ya wilaya ni mishahara na marupurupu ya watumishi, kwa hiyo kubana karatasi na chai hakuwezi kuziba pengo kubwa.

ANAYEKATWA BILA KELELE

Hapa naomba niseme kama muuguzi. Mwalimu wa hesabu akiondolewa, kesho yake darasa halina mtu na kila mzazi anajua. Muuguzi wa shule akiondolewa, kesho yake kila kitu kinaonekana salama. Anapewa shule tatu au nne azungukie, na karani wa ofisi anabaki na funguo za kabati la dawa.

Kisha siku moja mtoto mwenye pumu anabanwa kifua, mwenye kisukari anaanza kutetemeka, au mwenye kifafa anaanguka uwanjani. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza kila shule iwe na angalau muuguzi mmoja wa kudumu. Kuna hata sababu ya fedha: mtoto aliyetibiwa vizuri huhudhuria, na tumeona kwamba mahudhurio ndiyo yanayoleta fedha. Kiongozi anayepima kwa kelele za mkutano atamwondoa muuguzi kwanza. Anayepima kwa hatari atauliza: tukiondoa hiki, ni mtoto gani ataumia, na tutajuaje?

MZAZI AFANYE NINI?

Tangu mwaka 2013 California hutoa nyongeza kwa ajili ya watoto wa familia maskini, wanaojifunza Kiingereza, na wanaolelewa nje ya familia zao. Kila wilaya lazima iandike mpango wa matumizi na iwasikilize wazazi. Lakini kiti cha mzazi kikibaki kitupu, wengine wataamua.

Hata hapa kwetu, mama anayeitwa kwenye kikao cha shule anaweza kwenda na maswali matatu. Fedha hizi ni za mara moja au za kila mwaka? Mwaka kesho na mwaka kesho kutwa hesabu zitakuwaje? Na katika mnachopunguza, ni watoto gani watakaoguswa kwanza? Huhitaji shahada ya uhasibu kuyauliza. Uliza kwa heshima, andika majibu katika daftari lako, na kikao kijacho uende nalo.