Udongo Uwahi Ungali Maji: Kazi za Sanaa kwa Watoto Wadogo wa Shule katika Nakuru

Kutoka Gilgil mpaka Molo, na kutoka Njoro mpaka Subukia, wako wazazi wengi ambao humwuliza mtoto swali lile lile kila arudipo kutoka shuleni: "Leo umesoma nini?" Mtoto akijibu ya kuwa amefinyanga ng'ombe wa udongo, mzazi huguna. Huona ya kwamba siku imepotea bure, maana alimpeleka mtoto shule ajue kusoma, kuandika na kuhesabu, wala si kuchezea matope. Manung'uniko hayo yana sababu zake, na yastahili kujibiwa kwa maelezo, si kwa dharau.

Somo lenyewe si geni

Kufundisha sanaa si jambo jipya katika Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya mwisho ya 1930 Bibi Margaret Trowell alianza kuwafundisha wanafunzi wa Makerere, huko Uganda, kuchora na kuchonga. Miongoni mwa waliosoma huko baadaye, kati ya mwaka wa 1950 na 1952, alikuwamo Rosemary Karuga wa Kenya, ambaye alirudi kwao akawa mwalimu wa shule kwa miaka mingi. Alipostaafu hakuwa na fedha za kununua rangi. Basi alichukua karatasi za pakiti za unga na za sabuni, akazikata vipande vidogo, akavibandika hata vikawa picha za watu na wanyama. Picha hizo zilifika hata New York, zikaonyeshwa huko mwaka wa 1990. Mwalimu anayesema ya kuwa hawezi kufundisha sanaa kwa kukosa vifaa, na aikumbuke habari hiyo.

Katika Kenya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, uliweka sanaa na kazi za mikono miongoni mwa masomo ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Mapema katika miaka ya 2000 somo hilo liliondolewa katika mtihani. Na somo lisilotahiniwa hufanana na mtoto yatima: saa yake ilichukuliwa na hesabu, na chakula chake kikaliwa na wengine. Mtaala wa umilisi, uliofikishwa katika madarasa matatu ya kwanza nchini kote mwezi wa Januari 2019, ulilirudisha mahali pake. Walakini sheria ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kuingia darasani kwa miguu yake. Huingizwa na mwalimu.

Faida yake ni nini?

Mkono wa mtoto wa miaka sita bado haujakomaa. Vidole vyake huchoka upesi, na kalamu humponyoka. Anapoukanda udongo, kurarua karatasi au kutunga shanga, vidole hupata nguvu na utii, na kesho yake mwandiko huwa safi zaidi. Kadhalika mtoto apangaye shanga nyekundu mbili na nyeupe moja, kisha nyekundu mbili na nyeupe moja tena, anasoma hesabu pasipo kujua. Na akisimama mbele ya wenzake kuwaeleza kwa nini ng'ombe wake ana pembe moja, anajifunza kusema lugha kwa ufasaha.

Haifai kumcheka mtoto kwa sababu ya mchoro wake. Mtoto mdogo humchora mtu mwenye kichwa kikubwa, na miguu ikitoka kichwani humo humo. Huo si upumbavu, bali ni hatua, kama vile kutambaa kunavyotangulia kutembea. Katika mji wa Vienna, tangu mwaka wa 1897, mwalimu Franz Cizek aliwaacha watoto wachore kwa namna yao wenyewe, na watu wazima wakastaajabu. Mwalimu achoraye nyumba ubaoni, kisha akawaamuru watoto sitini wainakili, hupata nyumba sitini zilizo sawa, wala hajamfundisha hata mmoja wao kutazama. Afadhali awatoe nje, wautazame mlima wa Menengai, au wawasimulie wenzao juu ya heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa Ziwa Nakuru, kisha kila mmoja achore alichokiona yeye.

Vifaa viko karibu

Udongo wa sehemu nyingi za Nakuru ni majivu ya volkeno. Ni vumbi tupu, haushikani. Udongo wa kufinyangia hutafutwa mabondeni na kando ya mito. Ukiisha kuchimbwa, hukaushwa, hupondwa, hutolewa mawe na mizizi, hulowekwa, kisha hukandwa mpaka usishike mikononi. Mtoto afundishwe kumtoa mnyama mzima katika bonge moja, na miguu iwe minene. Ikiwa lazima kuunganisha kiungo, sehemu zote mbili zikwaruzwe kwanza na kupakwa uji wa udongo, la sivyo mguu utaanguka ukikauka. Vitu vyote vianikwe kivulini, maana jua kali huvipasua. Na udongo usiochomwa hurudi kuwa udongo ukitiwa majini. Kwa hiyo pipa moja laweza kutumika muhula mzima.

Gundi hupikwa kwa kijiko cha unga wa ngano, ambao Njoro hawakosi. Unga hukorogwa katika maji baridi kidogo usifanye madonge, kisha humiminiwa maji yanayochemka, ukikorogwa mpaka uwe mzito kama uji. Mkaa uliopondwa hutoa rangi nyeusi, udongo mwekundu hutoa nyekundu, na manjano ya jikoni hutoa rangi yake. Kijiti kilichotafunwa ncha huwa brashi. Viazi vidogo vya Molo visivyouzika hukatwa nusu na kuchongwa alama, vikawa mihuri ya kupigia chapa. Lakini kisu kishikwe na mwalimu peke yake. Maganda ya mahindi, magazeti ya zamani na nyuzi za katani humaliza orodha.

Mambo mawili yaepukwe. Weusi wa betri kuukuu, uliotumiwa zamani kupakia mbao za darasani, haufai kuguswa na mtoto. Tena ile ardhi nyeupe ichimbwayo Kariandusi, ijapokuwa yapendeza machoni, vumbi lake hudhuru mapafu, na halifai kuchezewa.

Mzazi asifanye kazi ya mtoto

Malalamiko makubwa ya wazazi tangu mtaala mpya uanze ni gharama. Mtoto hutumwa nyumbani jioni alete karatasi za rangi, gundi ya dukani na picha zilizochapishwa. Mama aliyeshinda shambani, au baba aliyeshinda sokoni, hukesha akikata na kubandika ili mtoto wake asiaibike. Asubuhi mwalimu huisifu kazi iliyo nadhifu kuliko zote, naye hajui ya kuwa amemsifu baba. Yule aliyefanya kwa mikono yake mwenyewe hukaa nyuma, kazi yake imepinda, naye ameonekana mvivu. Hapo somo limegeuka kuwa mashindano ya mifuko ya wazazi.

Dawa ni nyepesi. Kazi ifanyike darasani, katika dakika thelathini za kipindi, watoto wakikaa sita sita na kugawana vifaa. Nyumbani waombwe kuleta vitu vilivyokwisha tumika tu, kama pakiti tupu na vizibo vya chupa. Na mwalimu atoe alama kwa jitihada na kwa maelezo ya mtoto, wala si kwa unadhifu peke yake.

Dawati moja, makabila mengi

Nakuru ni mji wa watu wa kila kabila. Wengi hawajasahau mwanzo wa mwaka wa 2008, wakati Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru ulipojaa watu waliofukuzwa makwao. Watoto wa siku zile sasa ni watu wazima, na baadhi yao wana watoto shuleni. Yafaa bibi wa Kikuyu aalikwe darasani aonyeshe kusuka kiondo, na wiki ya pili aje mama wa Kikalenjin na kibuyu chake cha mursik kilichopambwa kwa shanga, kisha Mmaasai na Mkisii kwa zamu zao. Mtoto aliyehangaika na mshono wa kiondo kwa mikono yake hamdharau mwenye kiondo.

Waalimu, basi, wasiitoe saa ya sanaa kuilipia hesabu. Na mzazi, mtoto wake ajapo na ng'ombe mwenye pembe moja, amweke ng'ombe huyo mezani, kisha amwulize mwenye mifugo: "Pembe ya pili imekwenda wapi?" Atapata habari ndefu, na katika habari hiyo atajua mtoto amesoma nini leo.