Mji Mkongwe bado haujamwekea bei mtoto

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000, na sehemu kubwa yao walilala ufukweni: Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje. Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, huambulia nusu siku ya mgeni, au usiku mmoja kabla ya ndege. Anayekuja na watoto huupitia kwa haraka zaidi, na sababu si watoto. Sababu ni jinsi biashara ya mji ilivyopangwa.

Anza na malazi. Hoteli nyingi za mjini ni nyumba za kale zilizokarabatiwa, ngazi zake zimesimama wima, roshani zake hazikujengwa kwa ajili ya mtoto anayejifunza kutembea, na vyumba vimewekwa kitanda kimoja kikubwa cha samadari kwa ajili ya maharusi. Familia ya watu wanne huambiwa ichukue vyumba viwili. Ikipiga hesabu, inaona afadhali hoteli ya pwani yenye bwawa la kuogelea. Vigari vya kusukumia watoto navyo havina kazi katika vichochoro vya mawe ambavyo vespa hupita bila kupunguza mwendo. Mzazi anayejua hubeba mtoto mgongoni kwa kanga, kama mama wa mtaa wa Malindi.

Familia hiyo tayari imelipa kabla hata ya kutoka uwanja wa ndege. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni wa nje anatakiwa kukata bima ya safari ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa miaka 3 hadi 17. Baba, mama na watoto wawili wa skuli ni dola 132. Serikali, basi, imeshajua kwamba mtoto ana bei yake. Mjini, bei hiyo haijaandikwa popote. Hutegemea papasi, yaani dalali wa mtaani, uliyekutana naye.

Palipo na biashara nzuri kuliko zote ni kisiwa cha Changuu. Mwaka 1919 kisiwa hicho kilipewa kobe wanne wakubwa kutoka Shelisheli, wa jamii ya Aldabra, wakazaana. Kisha wizi ukawaandama, kwa kuwa kobe mchanga huuzwa ghali nje, hadi mwaka 1996 wakabaki 7 tu. Ulinzi ulipoimarishwa idadi ikapanda tena, na leo ndio wanaowalisha manahodha. Boti huondoka Forodhani na Shangani, mwendo wa nusu saa hivi, na nauli hupatanwa kwa kichwa au kwa chombo kizima. Mwenye watoto watatu apatane kwa chombo, na adai maboya ya kuokolea ya kimo cha watoto kabla hajatoa pesa. Boti zenye maboya ya watu wazima peke yake si chache. Jela iliyojengwa kisiwani haikupata kufunga mhalifu, ilikuwa karantini. Watoto hawajali. Wanataka kumlisha kobe sukuma wiki, na majani hayo nayo yanauzwa.

Jioni fedha ya familia hurudi Forodhani. Bustani hiyo ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na ndiyo sehemu pekee ya mji ambamo mgeni wa Ulaya na familia ya mtaa wa Mwembetanga hupanga foleni moja ya urojo na juisi ya muwa. Vijana wanaochupa baharini kutoka ukutani ni onyesho la bure. Kamba na ngisi wa mishikaki huulizwa bei kwanza, maana hapa bei husomwa usoni kwa mteja.

Kwa upande wa elimu, mji umepungukiwa. Beit al-Ajaib, kasri la Sultan Barghash la mwaka 1883, lililokuwa na lifti na umeme wakati Afrika Mashariki haijavijua, ndilo lililokuwa likihifadhi mfano wa mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba bila msumari. Makumbusho yake yalikuwa yamekwisha kufungwa pale sehemu ya jengo ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Pengo hilo halijazibwa. Wenye kutembeza wageni wanabaki na Ngome Kongwe, soko la Darajani na kanisa la Mkunazini, lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Mkunazini ni lazima, lakini vyumba vyake vya chini vinavyohusishwa na watumwa havisimuliwi kwa mtoto wa miaka 6 kwa maneno anayoambiwa baba yake. Mtembezaji anayeweza kugawa simulizi mara mbili anastahili malipo ya juu, na nadhani mzazi atayatoa bila ubishi.

Kuna soko jingine ambalo hoteli za mjini hulidharau: familia za bara. Boti ziendazo kasi hutoka Dar es Salaam na kufika kwa saa mbili hivi, hakuna bima ya dola, na likizo za skuli za Juni na Desemba zinajulikana mwaka mzima kabla. Sikukuu za Idd, viwanja vya Mnazi Mmoja na Kariakoo vya hapa Zanzibar hufurika watoto waliovaa nguo mpya na wachuuzi wa kila aina. Hoteli chache mno huuza kifurushi cha siku hizo.

Marekebisho yenyewe hayahitaji mwekezaji: godoro la ziada, matembezi ya saa moja na nusu badala ya tatu, choo safi njiani, na bei ya mtoto iliyoandikwa ukutani. Wenye hoteli na watembezaji waanze na hiyo ya mwisho kabla ya likizo ya Juni.