Mkulima Husamehe Njaa, Hasamehe Mizani

Kila uchaguzi unapokwisha husikika mjini neno ambalo sisi twaliona kuwa la dharau. Husemwa ya kwamba mtu wa shamba hajui kupiga kura. Ya kwamba ana jembe lililochakaa, paa linalovuja na mtoto asiye na viatu, na bado huamka alfajiri kwenda kituoni kuwachagua wale wale. Wengine huongeza ya kuwa amenunuliwa kwa kanga, fulana na kilo ya sukari. Wasemao hivyo aghalabu wameshiba, na wengi wao hawajalala hata usiku mmoja katika kijiji wanachokihukumu.

Hatukatai ya kuwa kanga hugawiwa. Zimegawiwa na kila chama kilichokuwa na fedha za kuzinunua. Lakini mama aliyepewa kanga za vyama viwili huzivaa zote mbili akienda kupalilia, na siku ya kura huingia katika kituturi peke yake. Tukitaka kujua kwa nini mkulima hukaa na chama kimoja hali dhiki haimwachi, yatupasa kutafuta mbali zaidi ya kanga.

Dhiki yenyewe si ya kubuni. Utafiti wa matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 ulionyesha ya kwamba katika Tanzania Bara asilimia 31.3 ya watu wa vijijini walikuwa chini ya kiwango cha umaskini wa mahitaji ya msingi, hali Dar es Salaam walikuwa asilimia 8 tu. Sensa ya 2022 nayo ikaonyesha ya kuwa watu kama 65 katika kila 100 nchini wangali wakiishi vijijini. Sasa tazama kura za urais. Mgombea wa CCM alipata asilimia 61.8 mwaka 1995, 71.7 mwaka 2000 na 80.3 mwaka 2005. Hata mwaka 2015, Edward Lowassa alipokihama chama na kusimama upande wa pili, CCM ilipata asilimia 58.5, na mwaka huo huo majimbo ya Arusha Mjini, Moshi Mjini, Iringa Mjini na Mbeya Mjini yalikwenda CHADEMA. Kilichookoa hesabu, kwa sehemu kubwa, ni shamba.

Chaguzi za 2020 na 2025 hatutazitumia kupimia jambo hili. Ule wa 2020 ulilalamikiwa sana. Mwaka 2025 wagombea urais wa CHADEMA na wa ACT-Wazalendo hawakuwamo katika karatasi ya kura, na siku yenyewe ikamwaga damu. Kura ambayo mshindani mkubwa ameondolewa haiwezi kutuambia lolote juu ya moyo wa mkulima.

Mwaka 2002 watafiti wa Afrobarometer, baada ya kuwahoji Watanzania, waliuliza kama hawa ni raia wasiohoji mambo au ni wadhamini wenye subira. Swali ni zuri. Sisi twaona jibu haliko upande mmoja wala wa pili, kwani mkulima huhoji sana, ila huhoji kwa namna yake na kwa wakati wake.

Kwanza na tukumbuke namna chama kilivyoingia kijijini. Hakikuingia kwa hotuba za wasomi. Kiliingia kwa njia ya matuta, majosho na mizani. Mwaka 1955 watu wa milima ya Uluguru walikataa kuchimba matuta ya lazima, na fujo ikatokea. Katika Usukuma watu walichukizwa na amri za kupunguza ng'ombe wao. Serikali ya kikoloni iliiona hatari hiyo, ikakataa kuiandikisha TANU katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hata 1958, na mwaka huo wa 1958 Geita ikawaka kwa kupinga baraza la wilaya la mchanganyiko. Huko huko Usukuma ndiko ushirika wa pamba ulikokua, kwa sababu wakulima walichoka na mizani ya wanunuzi. Na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika shirikisho kubwa lililoongozwa na Paul Bomani. Kwa hiyo mzee wa kijijini alipopata kadi ya TANU hakuona kwamba amejiunga na siasa. Aliona kwamba amepata mtu wa kumsimamia penye mizani.

Baada ya Uhuru chama kikafanya jambo ambalo hakuna chama kingine nchini kimeweza kulifanya kwa ukamilifu: kikamweka mtu katika kila nyumba kumi. Balozi hakuwa bwana mkubwa. Alikuwa jirani. Mke na mume wakigombana usiku, yeye ndiye aliyeamshwa. Mgeni akilala, yeye ndiye aliyeambiwa. Msiba ukitokea, daftari la michango lilikaa kwake. Utawala wa machifu ulikuwa umefutwa mwaka 1963, na nafasi waliyoiacha haikukaa tupu. Sheria ya 1992 ilipoleta vyama vingi, balozi alibaki mtu wa chama tu, si wa serikali. Lakini mkulima aliyezoea kupata barua kwake hakubadili njia kwa sababu ya sheria iliyopigiwa kura Bungeni.

Vyama vipya vilikuja na vipaza sauti, na mwaka 2005 CHADEMA ikaja na helikopta. Watoto walishangilia, wazee wakatoka kuitazama. Ilipoondoka, vumbi likatua, na mtu wa kumwandikia mkulima barua ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya alikuwa ni yule yule wa jana. Hatusemi hili kwa kuwacheka wapinzani. Twasema kwa kuwa ndiyo sababu yenyewe, na wao waliojifunza kujenga matawi chini kwa chini walivuna.

Yapo pia mambo ya hofu, na si hofu ya polisi tu. Mtu mwenye mshahara akikosea kuchagua, hukaza mkanda miaka mitano. Mtu mwenye ekari mbili za mahindi akikosea, huenda asiwe na mbegu. Jina lake katika orodha ya mbolea ya ruzuku, jina la mama yake katika kaya maskini za TASAF, mpaka wa shamba lake na la jirani, yote hupita mikononi mwa serikali ya kijiji, na katika vijiji vilivyo vingi mwenyekiti ni mtu wa chama. Twakiri ya kuwa jambo hili lina ubaya wake. Uaminifu unaotokana na orodha si mapenzi, na chama kinachouhesabu kuwa mapenzi hujidanganya. Hata hivyo mtu aliye karibu na njaa hapendi kujaribu asichokijua, na katika hilo ana akili kuliko wanaomcheka.

Lakini je, mtu huyu huvumilia yote? La hasha! Tuurudie uchaguzi wa 1965, wa kwanza wa chama kimoja. TANU iliweka wagombea wawili kwa karibu kila jimbo, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba. Wote wawili walikuwa wa chama kile kile. Hakuna aliyeombwa akiache. Matokeo yalipotoka, mawaziri wawili na wabunge kadhaa walikuwa wameanguka. Mmoja wao alikuwa Waziri wa Fedha, Paul Bomani yule yule aliyeujenga ushirika wa pamba. Aliangushwa kwao Mwanza, na watu wa pamba. Ushirika ulikwisha kuwa mkubwa na wenye makarani wengi, na wakulima walikuwa wakinung'unika juu ya makato. Mwaka uliofuata tume ya serikali ikazunguka nchi nzima na kukuta ubadhirifu mwingi katika vyama vya ushirika. Urais wa Nyerere, katika karatasi ya siku ile ile, ulipata kura za ndiyo zaidi ya asilimia 95. Mkulima alikuwa ametenganisha nyumba na mpangaji.

Miaka ya 1974 hata 1976 ikaja Operesheni Vijiji. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa malori na kwa nguvu, na nyumba za wengine zikabomolewa nyuma yao. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa, mamlaka za mazao zikashika nafasi yao, na malipo yakachelewa. Vikaja vita vya Kagera, kisha miaka ile ya mwanzo wa 1980 ambapo sabuni, chumvi na mafuta ya taa vilipangiwa foleni. Katika kipindi hicho kulikuwa na chama kimoja, na mtu aweza kusema ya kuwa mkulima hakuwa na pengine pa kwenda. Ni kweli. Lakini Tume ya Nyalali ilipopita kuuliza watu maoni mwaka 1991, karibu wanane katika kila kumi waliotoa maoni walisema chama kiendelee kuwa kimoja. Walioyasema hayo ni watu walewale waliokuwa wamepanga foleni ya sabuni. Katika majibu yao waliomba pia mambo mengi yarekebishwe, na Tume ikaona ni bora mlango wa vyama vingi ufunguliwe.

Hapa ndipo sisi twatofautiana na wale wanaofikiri umaskini ukizidi kura itageuka yenyewe. Mkulima anajua ukame, anajua viwavi, anajua bei ya dunia inavyoshuka bila kumwuliza mtu. Mambo hayo hayampeleki upande wa pili. Kinachompeleka ni kupunjwa na mkono anaoufahamu.

Tazama Karatu. Mwaka 1995 Padri Willibrod Slaa aliomba kugombea kwa CCM. Kura za maoni zilimpendelea, lakini jina lake halikurudi kutoka juu. Akaenda CHADEMA, nacho chama ambacho wengi Karatu walikuwa hawajakisikia kikashinda. Lile lilikuwa jimbo la wakulima wa mahindi, maharage na vitunguu, si la wasomi wa mjini. Nalo likabaki mikononi mwa CHADEMA hata 2020, miaka 25. Njaa haikufanya hivyo. Watu walipima, wakaambiwa kipimo chao hakihesabiwi.

Tazama na upande wa Bariadi mwaka huo huo. Vyama vya ushirika wa pamba vilikuwa vimelemewa na madeni, na wakulima walikuwa wamekopwa pamba yao msimu baada ya msimu. UDP ya John Cheyo, aliyejulikana kwa jina la Mapesa, ilipata viti vitatu vya majimbo katika nchi nzima, navyo vilitoka huko. Kilimanjaro nayo ilikwenda NCCR-Mageuzi kwa sehemu kubwa, ingawa huko sababu ni nyingi, na Augustine Mrema mwenyewe ni mojawapo.

Na mkono ukiondolewa juu ya mizani, mkulima huona mara moja. Watu wa mjini wameisahau kodi ya maendeleo. Shambani haikusahauliwa. Mgambo walikuwa wakiamka usiku kuwasaka wasio na stakabadhi. Wanaume wazima walilala porini, na kuku, baiskeli na mabati vilichukuliwa. Mwaka 2003 kodi ile ikafutwa, na karo ya shule za msingi ilikuwa imekwisha ondolewa miaka miwili kabla. Mwaka 2005 CCM ikapata ile asilimia 80. Wachambuzi waliandika mengi juu ya tabasamu la mgombea. Sisi twadhani baiskeli zilizobaki nyumbani zilifanya kazi pia.

Halafu kuna Liwale, ambayo twaiona kuwa somo lisilosomwa vizuri. Wakulima wa korosho wa kusini walikuwa wakiuza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: malipo ya kwanza wakipeleka mzigo, malipo ya pili korosho zikishauzwa mnadani. Mwezi wa Aprili 2013 malipo ya pili yalipokuja yalikuwa pungufu ya yale waliyotazamia. Nyumba zikachomwa, na baadhi yake zilikuwa za viongozi wa chama na wa ushirika. Hatuutetei moto. Lakini yafaa kuuliza kwa nini ulikwenda kwenye nyumba hizo na si nyingine. Wenye ghala, wenye mizani na wenye chama walikuwa wamekuwa watu wale wale machoni pa mkulima, na balozi hakuwa na jibu la kumpa.

Mwaka 2015 Liwale ikamchagua mbunge wa CUF. Miaka mitatu baadaye mbunge huyo akahamia CCM, akasimama tena katika uchaguzi mdogo na kurudi Bungeni, huku wapinzani wakilalamika juu ya namna uchaguzi ulivyoendeshwa. Makao Makuu walihesabu ya kuwa jimbo limerudi nyumbani. Mwezi uliofuata, Novemba 2018, serikali iliamuru korosho zote zinunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kusombwa na jeshi. Bei ilikuwa njema. Malipo ya wengi yakachelewa, na wapo waliouingia msimu wa kupalilia hali stakabadhi zao zimo bado ndani ya kopo, juu ya dari, pamoja na kadi ya chama.