Mayo: Matumaini na hofu ya nusu fainali

MASHABIKI wa kandanda ya Kigaeli wa kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland, waliisubiri nusu fainali ya Agosti 14, 2021 roho juu. Timu yao haikuwa imetwaa ubingwa wa Ireland tangu 1951, na kuanzia 1989 ilikuwa imepoteza fainali kumi. Wapinzani wao, Dublin, walikuwa mabingwa mara sita mfululizo.

Uchungu wa mchezo huo huwa mkubwa kwa kuwa wachezaji hawalipwi mshahara, nao kwa kawaida huchezea kaunti walikokulia. Anayeshindwa ni ndugu au jirani.

Mayo ilishinda kwa pointi 17 dhidi ya 14, baada ya muda wa nyongeza. Mwezi uliofuata, Tyrone iliifunga katika fainali.