Herufi nyingi, vioo viwili: Mnunuzi wa runinga Machakos ajue nini

MNUNUZI anayeingia katika duka la vifaa vya umeme mjini Machakos siku hizi hukaribishwa na ukuta mzima wa runinga zinazowaka kwa pamoja, zikionyesha maporomoko ya maji na kasuku wa rangi zinazochoma macho. Juu ya kila katoni kumeandikwa herufi: LED, QLED, UHD, OLED. Bei nazo hupishana kwa maelfu ya shilingi, na pengine kwa makumi ya maelfu, baina ya runinga mbili zinazolingana kwa ukubwa.

Kwa mkulima wa maembe kutoka Mwala aliyekwisha kuuza mavuno yake, au mwalimu aliyefikiwa na zamu yake katika chama, tofauti hiyo si haba. Inaweza kuwa karo ya muhula mzima au tangi la kuvunia maji ya mvua. Ndiposa inafaa kufahamu herufi hizo zinasema nini, na hasa zinaficha nini.

Ukweli ni kwamba runinga mpya zinazopatikana katika maduka ya kawaida ni za aina mbili tu. Kuna zile ambazo kioo chake hakitoi mwanga wowote, hivyo huhitaji kuwekewa taa nyuma, na kuna zile ambazo kila nukta ya kioo hujiwakia yenyewe. LCD, LED, QLED na Mini LED zote ni za kundi la kwanza. OLED ndiyo ya kundi la pili.

Haikuwa hivyo zamani. Tangu matangazo ya runinga yalipoanza nchini mwaka wa 1962, na kwa zaidi ya miongo minne baadaye, aina iliyojulikana ilikuwa moja: runinga nzito yenye mgongo mkubwa, ambayo ndani yake chembe za umeme zilirushwa kutoka nyuma ya chupa ya kioo hadi kwenye uso uliopakwa kemikali zinazong'aa. Katika vijiji vingi vya Ukambani visivyokuwa na umeme, familia zilitazama habari kwenye Great Wall ya inchi 14, isiyo na rangi, iliyounganishwa na betri ya gari. Betri ikiisha, ilibebwa hadi sokoni kwenda kuchajiwa, na taarifa ya siku hiyo ikapita bila kuonwa.

Kisha zikaja runinga bapa, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza.

LCD ni karatasi nyembamba ya umajimaji wenye tabia za fuwele, uliobanwa kati ya vioo viwili. Umeme ukipita, fuwele hizo hujipinda na kufungua au kuziba njia ya mwanga, mfano wa mapazia madogo yapatayo milioni kadhaa. Mapazia hayo hayana nuru yake. Runinga za LCD za mwanzo ziliwekewa mirija myembamba ya taa nyuma, ya jamii moja na ile ya dari za ofisi. Baadaye mirija hiyo ikaondolewa, ikawekwa taa ndogo za LED zinazotumia umeme kidogo. Watengenezaji wakaanza kuziita "runinga za LED", na wengi wakaamini kwamba kioo kimebadilika. Kilichobadilika ni taa tu.

Taa hizo zenyewe zina historia ya heshima. LED nyeupe haikuwezekana mpaka ile ya bluu ipatikane, kazi iliyowapa Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura wa Marekani aliyezaliwa Japani, Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2014. QLED nayo ni LCD ile ile, ila mbele ya taa zake huwekwa utando wenye chembe ndogo mno zinazogeuza mwanga wa bluu kuwa mwekundu na wa kijani safi. Chembe hizo pia zilituzwa Nobel, ya Kemia, mwaka wa 2023. Rangi hupendeza zaidi, hilo halina ubishi. Hata hivyo, weusi wa usiku kwenye filamu hautofautiani sana na wa runinga ya kawaida, kwa kuwa taa ya nyuma bado inawaka na mapazia hayazibi kabisa.

Mini LED hujaribu kutatua hilo kwa kugawanya taa za nyuma katika mamia ya sehemu zinazozimwa na kuwashwa kila moja peke yake. Ni hatua ya kweli, na bei yake ni ya kweli vilevile.

OLED ni kitu kingine. Mwaka wa 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walieleza jinsi tabaka jembamba la kemikali zenye kaboni linavyoweza kutoa nuru likipitishiwa umeme mdogo. Katika runinga ya namna hiyo, nukta inayotakiwa kuwa nyeusi huzimwa, basi. Weusi wake ni weusi kamili, na anayetazama kutoka pembeni huona sawa na aliye mbele. Kwa mtu anayependa filamu na kuzitazama usiku taa zikiwa zimezimwa, hakuna inayoishinda.

Lakini ni nani katika Machakos anayetazama runinga gizani? Sebule nyingi hufunguliwa mlango na madirisha mchana kutwa, na jua la Ukambani halibishi hodi. Weusi kamili huonekana pale tu ambapo chumba kina giza. Mwanga wa mchana ukiangukia kioo, faida kubwa ya OLED hupotea katika mng'ao wa dirisha. LCD yenye taa kali hustahimili sebule ya namna hiyo vyema, tena kwa sehemu ndogo ya bei.

OLED ina udhaifu mwingine unaowahusu hasa wenye hoteli na vilabu. Kemikali zake huchakaa kadiri zinavyowaka. Mahali ambapo runinga huachwa kwenye stesheni moja tangu asubuhi hadi usiku, nembo ya stesheni iliyo pembeni na utepe wa habari ulio chini hukaa palepale kwa maelfu ya saa, na baada ya muda alama zake zinaweza kubaki kwenye kioo hata mechi inapochezwa. Mfanyabiashara wa aina hiyo atumie LCD bila kusitasita.

Katika LCD zenyewe kuna tofauti moja ambayo katoni haiitaji mara nyingi, ingawa ina uzito kuliko herufi zote zilizotangulia. Paneli huwa za jamii mbili kuu, IPS na VA. VA huziba mwanga vyema, na mara nyingi sehemu yake nyeupe huwa na mwangaza mara 3,000 au zaidi ya ile nyeusi, ilhali IPS hukaribia mara 1,000. IPS kwa upande wake haififishi rangi mtu akikaa pembeni. Kwa familia inayokaa mkabala na runinga, VA ndiyo bora. Kwa kilabu chenye meza kila upande, au sebule yenye viti vilivyozunguka kuta tatu, IPS.

Mnunuzi hana haja ya kumuuliza muuzaji jambo hili. Asimame mbele ya runinga, kisha asogee polepole hadi pembeni kabisa akiitazama sura ya mtu. Ngozi ikififia na kuwa kama imepakwa majivu, hiyo huenda ni VA. Ikibaki vile ilivyo, ni IPS.

Kuhusu wingi wa nukta, hapa ndipo fedha nyingi hutumika bila faida. Jicho zima la binadamu haliwezi kutenganisha nukta zilizo karibu mno, na kadiri mtu anavyokaa mbali ndivyo uwezo huo unavyopungua. Kwa runinga ya inchi 32 yenye nukta 1,366 kwa 768, anayekaa zaidi ya mita 1.8 hazioni nukta hizo tena. Kumuuzia yenye nukta nyingi zaidi ni kumuuzia asichoweza kukiona. Kwa inchi 43 yenye nukta 1,920 kwa 1,080, umbali huo ni takriban mita 1.7. Aliyepanga chumba cha futi 10 kwa 10, akakaa kitandani mita mbili kutoka ukutani, 4K ya inchi 43 haitamwongezea chochote. Sebule kubwa yenye runinga ya inchi 65 ni hadithi tofauti.

Isitoshe, picha zile za kasuku dukani hutoka kwenye flashi iliyotayarishwa na mtengenezaji. Matangazo ya ubora wa kawaida yana nukta 720 kwa mistari 576, yaani karibu laki nne. Kioo cha 4K kina zaidi ya milioni nane. Stesheni ya ubora huo inapoonyeshwa humo, runinga hupewa nukta moja na kulazimika kubuni 19 kutoka kichwani mwake. Nazo filamu za 4K za intaneti zinaweza kumaliza gigabaiti 7 kwa saa moja, mzigo usiobebeka kwa anayenunua data kwa simu. Heri mnunuzi aombe runinga iunganishwe na antena au king'amuzi, aione taarifa ya habari jinsi atakavyoiona kwake.

Antena yenyewe ina mtego. Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, na mitambo ya analogi ikaanza kuzimwa 2015, katika mvutano uliozifanya stesheni kubwa zipotee hewani kwa majuma kadhaa. Mfumo unaotumika Kenya ni DVB-T2. Runinga za mitumba kutoka Uingereza zinaweza kuwa na DVB-T pekee, kwa kuwa matangazo ya kawaida huko hutumia mfumo huo wa awali. Ikifika Machakos, runinga ya namna hiyo hutafuta stesheni na kuambulia patupu. Haijaharibika, itahitaji king'amuzi, na gharama hiyo ihesabiwe kabla ya kushangilia bei nafuu.

Miongoni mwa mitumba hiyo mtu anaweza kukutana na plasma. Teknolojia hii ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka wa 1964, na wapenzi wa filamu waliiheshimu sana kwa rangi zake. Panasonic ilitangaza Oktoba 2013 kwamba inaacha kuitengeneza, na kufikia mwisho wa 2014 Samsung na LG zilikuwa zimefuata. Shida yake ni umeme. Plasma ya inchi 42 inayotumia wati 250, ikiwashwa saa tano kwa siku, humaliza yuniti 37.5 kwa mwezi. LED ya inchi 32 inayotumia wati 40 humaliza sita. Anayenunua tokeni ataulipa unafuu wa plasma mara ya pili, na ya tatu.

Kwa walio mbali na nyaya za umeme, pande za Yatta na Masinga, hesabu hiyo ndiyo huamua yote. Katika miaka ya 2010 kampuni za sola zilianza kuuza runinga ndogo za LED zinazotumia volti 12, zikilipiwa kidogo kidogo kwa simu. Wati hapo si suala la bili bali ni la saa ngapi betri itadumu baada ya jua kutua. Mnunuzi asome wati zilizoandikwa nyuma ya runinga yenyewe, si kwenye katoni.

Umeme unaopotea na kurejea kwa nguvu ni adui wa runinga zote. Kifaa cha kuzuia umeme uliozidi kiasi, ambacho hukawia dakika chache kabla ya kuuruhusu upite, kina manufaa kuliko herufi yoyote ya ziada. Yafaa pia kupunguza ukali wa taa ya nyuma mara runinga inapofika nyumbani, maana nyingi huuzwa zikiwa zimewekewa mwangaza wa dukani, unaozichosha taa bure.

Na izingatiwe namna ya kuisafirisha. Kioo bapa husimamishwa wima. Kikilazwa juu ya bodaboda kutoka mjini hadi Kathiani, mtikiso mmoja mbaya unatosha kukipasua.

Ikitokea baada ya miaka kadhaa sauti inasikika lakini kioo ni cheusi, mwenyewe asiharakishe kuitupa. Amulike kioo kwa tochi, karibu sana, chumba kikiwa na giza. Akiona vivuli vya watu vinatembea, LCD yake ni nzima na taa za nyuma ndizo zilizokufa, mara nyingi kwa sababu moja iliyoungua imekata mnyororo mzima. Fundi hubadilisha ukanda huo kwa gharama ya wastani. Kioo kikipasuka ni jambo jingine: bei ya kipya hukaribia ya runinga nzima, na fundi mwaminifu husema hivyo kabla ya kufungua skrubu ya kwanza.