Kirimu, Joka na Zimwi: Asili na Maana ya Majina Matatu

Katika mtaa wa Himbi mjini Goma, wasemaji wa Kinyanga, Kihunde, Kinande, Kishi na Kinyarwanda hukutana katika Kiswahili. Hadithi nazo huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine, na kila zinapovuka, majina ya viumbe wake hudai tafsiri. Mojawapo ni Kirimu, kiumbe wa kutisha katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, watu wa misitu ya Walikale, magharibi ya Goma. Utendi huo ulisimuliwa na Shé-Karisi Rureke mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakauchapisha na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1969. Katika tafsiri hiyo Kirimu alipewa jina ambalo kwa Kiswahili ni "joka". Je, jina hilo linamfaa?

Asili ya "joka"

Joka ni nyoka aliyekuzwa. Shina -joka ni la Kibantu cha kale. Likiwa katika ngeli ya N- hutoa nyoka katika Kiswahili na Kilingala, na inzoka katika Kinyarwanda. Kiswahili kinapokusudia ukubwa, huondoa kiambishi cha N- na kulihamisha neno katika ngeli ya JI-/MA-: nyoka huwa joka, kama nyumba inavyokuwa jumba. Kinyarwanda hupata maana hiyo kwa kiambishi ki-: ikiyoka.

Wafasiri wa Biblia walilitumia neno hili kwa adui wa Ufunuo, sura ya 12. Walichagua vyema, maana sura hiyo yenyewe humwita nyoka wa zamani, na neno drakon la Kigiriki lilikuwa na maana ya nyoka mkubwa. Hivyo basi, msomaji aonapo "joka" humwona mnyama wa magamba atambaaye, na nyuma yake humwona Shetani.

Asili ya "Kirimu"

Kirimu hafanani na picha hiyo. Ana ngozi nyeusi, vichwa saba, pembe saba, macho saba, meno kama ya mbwa, tumbo kubwa na mkia wa tai. Hana cha nyoka.

Jina lake lenyewe laonyesha ukoo mwingine. Likiondolewa kiambishi ki-, hubaki -rimu, shina ambalo katika Kiswahili ni -zimu. Kutokana nalo twapata mzimu, roho ya mfu. Kuzimu, makao ya wafu. Na wazimu, hali ya aliyepagawa. Kinyarwanda kina umuzimu na ikuzimu. Kikuyu humwita irimũ jitu lilalo watu, na Kizulu humwita izimu. Alice Werner alikwisha kuwakusanya viumbe wa ukoo huu katika kitabu chake cha mwaka 1933. Katika Kiswahili, ndugu wa karibu wa Kirimu ni zimwi, neno la shina hilohilo.

Athari ya tafsiri

Tofauti hii si ya sauti tu. Kirimu aliwameza wawindaji waliotumwa na Mwindo kutafuta nyama ya nguruwe mwitu, naye Mwindo akaenda akamwua. Msomaji wa "joka" hutazamia shujaa asifiwe, kama asifiwavyo amshindaye Shetani. Lakini utendi haufuati njia hiyo. Nkuba, mwenye radi, alikuwa rafiki wa Kirimu. Alimchukua Mwindo hadi mbinguni, akateswa huko kwa baridi, jua na mvua, kisha akarudishwa duniani akiwa amekatazwa kuua mnyama tena. Kiumbe aliyekufa alikuwa na rafiki juu, na kifo chake kilidaiwa. Jina la ukoo wa mizimu humwandaa msomaji kwa jambo hilo. Jina la nyoka humpoteza.

Ni kweli kwamba "zimwi" nalo halilingani na Kirimu kwa kila hali, kwani katika ngano za pwani zimwi huweza kujigeuza mtu. Hata hivyo methali hulitaja kwa namna inayokaribia fikra ya Wanyanga: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi lina ujuzi na ujamaa. Joka lina sumu tu. Yafaa basi mfasiri wa Kiswahili aliache jina Kirimu kama lilivyo, na panapohitajika ufafanuzi alieleze kwa "zimwi", akiliacha "joka" kwa nyoka.