Uwongo juu ya Wayahudi na Kazi ya Kuufuta Mitandaoni

Wakati wa likizo simu za nyumbani hujaa picha na maneno yaliyotumwa na watu ambao mwenye simu hawajui hata kidogo. Mengine ni ya kuchekesha, mengine ni habari za kweli, na mengine ni matusi juu ya kabila fulani, dini fulani au taifa fulani. Wanafunzi huuliza, na wazazi nao huuliza: ikiwa kampuni zenye mitandao hii zina fedha na mafundi wengi kiasi hiki, mbona uchafu huu hauondolewi? Swali ni la haki. Hapa nitalijibu kwa mfano mmoja tu, yaani chuki dhidi ya Wayahudi, kwa kuwa chuki hiyo ni ya zamani sana, habari zake zimeandikwa kwa urefu, na kampuni zimehangaika nayo kwa miaka mingi.

Yafaa kwanza tuijue yenyewe. Chuki nyingine humdharau mtu tu, humwita mjinga au mshenzi. Hii humdharau Myahudi na papo hapo humwogopa: ati ana nguvu za siri, ati yeye ndiye aendeshaye mabenki, magazeti na vita vya dunia nzima. Kwa hiyo kila msiba unapotokea, wa kulaumiwa amekwisha kupatikana. Tauni ilipoenea Ulaya katika karne ya 14, watu walisema Wayahudi wametia sumu visimani. Katika mji wa Strasbourg, mwezi wa Februari mwaka 1349, mamia ya Wayahudi walichomwa moto kwa neno hilo, na tauni yenyewe ilikuwa haijafika mjini! Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, maneno yale ya visima yalirudi, safari hii kwa njia ya simu.

Lakini uwongo uliosafiri mbali kuliko wote ni kijitabu kiitwacho Itifaki za Wazee wa Sayuni. Kilitokea mara ya kwanza katika gazeti moja la Urusi mwaka 1903, kikijidai kuwa ni kumbukumbu za mkutano wa siri wa wazee wa Kiyahudi waliopanga kuitawala dunia. Mkutano huo haukuwapo hata siku moja. Mwezi wa Agosti mwaka 1921 Philip Graves, mwandishi wa gazeti la The Times la London, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kijitabu hicho ilinakiliwa kutoka kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864. Joly alikuwa akimshambulia mfalme wake, Napoleon III, wala hakusema lolote juu ya Wayahudi. Graves aliweka maneno ya vitabu hivyo viwili bega kwa bega, na kila mwenye macho akaona wizi ulivyofanyika.

Basi, je, kijitabu kilikufa? Hasha. Henry Ford, tajiri wa magari wa Marekani, alikuwa ameanza kuyaeneza mambo yake katika gazeti lake tangu 1920, na aliendelea kwa miaka kadhaa kabla ya kuomba radhi mwaka 1927. Hitler naye aliandika katika kitabu chake kwamba magazeti kulalamika kuwa Itifaki ni za kughushi ndiyo dalili bora ya kuwa ni za kweli. Na tafadhali tulikumbuke jambo hilo, kwani baadaye tutalihitaji: mtu anayetaka kuamini huugeuza hata ushahidi ulio kinyume chake ukawa ushahidi wake. Utawala wa Hitler na washirika wake uliwaua Wayahudi wapatao milioni 6 kabla ya vita kwisha mwaka 1945.

Mtu asidhani kwamba mambo haya yalikwisha zamani zile. Siku ya Jumamosi, 27 Oktoba 2018, katika mji wa Pittsburgh nchini Marekani, mtu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi na kuwaua watu 11 waliokuwa katika ibada ya Sabato. Dakika chache kabla ya hapo alikuwa ameandika katika mtandao wa Gab, uliojulikana kwa kuwapokea watu waliofukuzwa mitandao mingine, kwamba shirika la Kiyahudi liitwalo HIAS linaleta wavamizi kuwaua watu wake. Hao aliowaita wavamizi ni wakimbizi. Shirika hilo limepata kuwahudumia wakimbizi hata Nairobi.

Sasa tuje kwenye kufuta. Kila nchi ina sheria zake. Kule Ujerumani kuyakana mauaji yale ya Wayahudi hadharani ni kosa la jinai. Huko Marekani katiba humlinda msemaji, hata akisema maneno ya kuchukiza. Kampuni nyingi kubwa zilizaliwa Marekani, nazo zikachukua tabia za kwao. Mwezi wa Julai mwaka 2018 Mark Zuckerberg, mwenye Facebook, ambaye yeye mwenyewe ni Myahudi, alisema kwamba maneno ya kuyakana mauaji hayo yanamchukiza sana, ila hataamuru yafutwe, kwa kuwa watu huweza kukosea bila kukusudia. Hoja hiyo ina upole ndani yake, lakini mimi siikubali. Itifaki zilikwisha kuumbuliwa tangu 1921, na waliozieneza baada ya hapo si watu waliokosa habari. Facebook nayo ilibadili kanuni zake mwezi wa Oktoba mwaka 2020, ikapiga marufuku ukanaji huo. Ujerumani haikungoja. Kwa sheria yake ya mwaka 2017, mtandao mkubwa ulitakiwa kuondoa maneno yaliyo dhahiri kinyume cha sheria katika muda wa saa 24 baada ya kulalamikiwa, la sivyo ungeweza kutozwa faini ya hadi euro milioni 50. Nafasi yake kwa sehemu kubwa imechukuliwa na sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika kwa ukamilifu Februari 2024.

Kuandika kanuni ni rahisi; taabu iko katika kusoma. Machapisho ni mengi mno kwa macho ya binadamu, kwa hiyo mashine husoma kwanza. Mashine hutambua maneno upesi sana, lakini mwenye chuki hayaandiki maneno hayo. Huandika tarakimu 88, kwa kuwa herufi ya 8 ya alfabeti ni H, na H mbili ni salamu ya Hitler. Lakini 88 ni pia mwaka wa kuzaliwa wa mtu, au namba ya jezi ya mchezaji. Mwaka 2016 walitumia hila nyingine: jina la Myahudi walilizungushia mabano matatu kila upande, ili wenzao wajue nani wa kutukanwa. Ilikuwako hata programu ya kuweka mabano hayo yenyewe, mpaka Google ikaiondoa mwezi wa Juni. Wayahudi wengi, na rafiki zao wasio Wayahudi, wakajibu kwa kuyazungushia mabano hayo majina yao wenyewe, kwa ujasiri. Haya, mashine ifanye nini hapo? Alama ni ile ile, na maana mbili zinapigana.

Kisa cha mwezi wa Januari 2024 ni cha ajabu zaidi. Baraza la kuamua rufani juu ya maamuzi ya Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, lilitoa hukumu juu ya chapisho la Instagram la mwaka 2020. Lilikuwa picha ya katuni mashuhuri ya watoto, na katika kinywa chake yamewekwa maneno ya kuyakana mauaji ya Wayahudi. Watu walililalamikia mara 6. Malalamiko 4 yalifungwa na mashine. Mawili yalisomwa na binadamu, nao wakaona halina kosa! Liliondolewa tu baada ya baraza kuichukua kesi hiyo.

Yako pia mambo magumu kwa kweli, si kwa uzembe wa mtu. Tangu shambulio la Hamas la 7 Oktoba 2023 na vita vya Gaza vilivyofuata, neno “Wazayuni” limejaa mitandaoni. Wazayuni ni wafuasi wa siasa ya kuwapatia na kuwalindia Wayahudi nchi yao, na kila mtu ana haki ya kuilaumu siasa hiyo, au kuilaumu serikali ya Israel kama serikali nyingine yoyote. Wengine, hata hivyo, hutumia neno hilo kama kanzu ya kuficha neno “Wayahudi”, kisha wakarudia yale yale ya mabenki na njama za siri. Mwezi wa Julai 2024 Meta ilitangaza kuwa itaondoa matumizi ya namna hiyo na kuacha lawama za kisiasa. Mpaka kati ya mambo hayo mawili upo, lakini hauonekani kwa kulitazama neno moja. Lazima mtu asome habari nzima.

Na mtu huyo ni nani? Kwa lugha za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kazi hiyo ya Facebook ilifanyika Nairobi tangu 2019 hadi mwanzo wa 2023, katika kampuni iitwayo Sama. Mashine hujifunza kwa maandishi mengi, na Kiswahili hakina mengi kama Kiingereza, basi mzigo uliwaangukia vijana waliosoma matusi na kutazama mauaji kutwa nzima, siku baada ya siku. Mwaka 2023 zaidi ya 180 kati yao walifungua mashtaka. Daktari aliyewapima alikuta kwamba zaidi ya 140 wana maradhi ya akili yatokanayo na mambo ya kutisha waliyoyaona. Meta ilidai kuwa haiwezi kushtakiwa katika mahakama za Kenya. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliikataa hoja hiyo.